Kamio Katikati ya Mlima Nsokwe

Mulima wa Nsokwe, tarehe 4 Septemba 2024

Mama Lise,

Usishituke ukiona barua. Minyi niko muzima, na Élisha, convoyeur wangu, musaidizi wa mu gari, naye iko muzima. Kamio, lori ya patron, njo iko mugonjwa. Réseau ya simu hapa hakuna, antena walichoma wakati wa mapigano, njo maana naandika. Barua nampatia Bijou, ule mama mwenye kuuzisha samaki wa kukauka, anarudi Kamina na pikipiki.

Ilikuwa hivi. Tulipita Malemba-Nkulu, tukavuka mto Lualaba na kivuko vizuri, tukaanza kupanda Nsokwe asubuhi, polepole, mu vitesi ya première. Katikati ya mulima, pale njia inapinda na upande mumoja ni shimo tupu, nikasikia sanduku ya vitesi inavunjika ndani, sauti kama mutu anamwanga misumari mu sahani. Kiisha vitesi hakuna tena. Moteri inanguruma, magurudumu hazitembei. Nikashika frein, ile breki, Élisha akaruka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu zote. Tuko hapo mpaka sasa.

Kurudi nyuma haiwezekani, njia ni kali sana na frein peke yake haitashika uzito. Ni lazima gari ingine itukokote mpaka juu, mu kijiji. Kule njia iko sawa, mekanisia anaweza kulala chini ya kamio bila kufa. Mizigo iko yote: saruji, mabati na vitanda vya maternité ya paruasi, ile nyumba ya kuzalia banajenga kule juu.

Enda kwa patron Ambroise, umwambie atume gari ya dizeli, hapana ya petroli. Petroli ni nzuri mu njia ya sawa, lakini mu mulima ni lazima ipige kelele ndipo ipate nguvu, na ikipiga kelele mingi inachemuka. Dizeli inavuta hata kama inazunguka polepole. Umwambie pia mvua iko karibu. Hapa njia ni udongo mwekundu tu, mvua ikianza hakuna gari itapanda.

Usiogope. Tuko na unga, tuko na maji ya mto mudogo chini.

Bwana yako,
Kaumba


Kamina, mtaa wa reli, 15 Septemba 2024

Baba Lise,

Barua yako ilinikuta darasani. Niliwaachia watoto mazoezi ya hesabu, nikaenda kwa patron Ambroise nikiwa bado na chaki mikononi.

Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Gari ya dizeli niitoe wapi? Mdogo wangu Marc ana pickup yake ya petroli, iko tayari, ina nguvu."

Nikamwambia, "Patron, shofere wako ameomba dizeli."

"Shofere anaomba, mimi naamua. Na petroli Marc ataipata popote, wauza chupa wako kila kijiji kwa sababu ya pikipiki. Dizeli ataipata wapi nyuma ya Malemba?"

Hilo ni kweli. Nilikwenda kwa jirani yetu papa Éliézer, unajua alitengeneza injini za treni miaka yote ile kabla depo haijanyamaza, nikamwomba aje aione hiyo pickup. Aliizunguka mara moja tu. Marc ameifungia magurudumu makubwa ya kupendeza. Papa Éliézer akamwambia kwa upole, "Mwanangu, haya magurudumu yanakula nguvu ya moteri. Rudisha yale madogo iliyotoka nayo." Marc akacheka, akasema kwenye matope tutayashukuru. Ndoano ya kuvutia wameichomea kwenye bampa ya nyuma. Papa Éliézer aliigonga kwa kidole, akaniaga.

Wanasema wataondoka wiki ijayo. Lise ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Anauliza kamio imelala wapi usiku. Nimemwambia imelala mlimani, baba yake anailinda.

Mkeo,
Léonie


Nsokwe, 24 Septemba 2024

Mama Lise,

Barua yako imefika. Kama ni pickup ya Marc, basi ni hiyo, lakini soma haya kwa sauti mbele ya patron, tafadhali, na papa Éliézer akuwe pale.

Ndoano isikae ku bampa. Bampa ni kofia tu. Ndoano ikae ku chasi yenyewe, na bamba ya chuma nyuma, na buloni zinazopenya upande na upande. Tena waongeze majani ya resori nyuma, zile chuma za kubeba uzito. Tena waweke mifuko ya muchanga mu karoseri, kule nyuma kwa mizigo, sababu gari nyepesi ikivuta kintu kizito magurudumu zinacheza bure. Radiateri, watafute ya gari kubwa. Na wasikuje na kamba. Kamba inakatika, inarudia bantu. Wakuje na chuma ndefu, barre, yenye kushika gari mbili kama mukono na mukono.

Huku ni kimya. Mchana banapita bantu na mihogo ku kichwa, banatusalimia, banashangaa tungali hapa. Evanjelisti wa kijiji cha juu, anaitwa Stanislas, anashukaka kutuletea mahindi na kuuliza saruji yake. Ni mutu wa maneno marefu lakini roho yake ni nzuri. Tunalala mu cabine, Élisha upande wake, minyi upande wangu. Élisha anasema bibi yake wa ndoa atamusahau. Anasema kwa kucheka, lakini anasema kila siku.

Mawingu inakusanyika nyuma ya mulima kila mangaribi, kiisha inaenda.

Kaumba


Kamina, 3 Oktoba 2024

Baba Lise,

Barua yako ya maagizo imefika leo. Marc ameondoka jana.

Nilikimbia mpaka barrière, kizuizi cha barabara, nikidhani labda wamechelewa kwa kutafuta mafuta. Hawakuchelewa. Watu wa pale wameniambia ndoano iko vilevile kwenye bampa, na wamechukua kamba.

Ukiwaona, usisimame karibu na kamba. Nakuomba.

Léonie


Nsokwe, 9 Oktoba 2024

Mama Lise,

Marc alifika na kijana moja wa kumusaidia. Niliona ndoano, nikamwambia, "Marc, kwanza tupandishe mizigo na pickup yako, kidogo kidogo mpaka juu. Kamio ikiwa tupu ndipo tuivute."

Akasema, "Yaya Kaumba, kaka yangu, hiyo itachukua wiki. Tutavuta mara moja. Moteri hii iko na farasi mingi."

Nikamwambia farasi zake ziko na kiu. Hakukubali. Tulishusha saruji nusu tu, tukaipanga kando ya njia, tukaifunika.

Usukani nilimupa Élisha. Kufuata nyuma na kuweka mawe ni kazi ya hatari, ni ya shofere. Marc akavuta. Mama Lise, kamio ilitembea. Ilitembea kabisa, magurudumu zilizunguka, na minyi nilikuwa nabeba jiwe nyuma yake kama mutu anafuata arusi. Tulipita ile kona. Kiisha moshi mweupe ukatoka mbele ya pickup, maji ikachemuka, nguvu ikapunguka, Marc akakanyaga zaidi, na bampa ikatoka muzima muzima na ndoano yake. Kamio ikarudi nyuma kidogo. Jiwe ikashika. Ikasimama.

Hakuna aliyekufa. Kiatu kyangu kimoja njo kiliharibika. Kama kuna mutu anakuja huku, unitumie sapato, bile viatu bya kufunguka mbele.

Marc alingoja moteri ipoe, akageuza, akashuka. Alisema atamwambia patron atafute dizeli. Alinipa mukono muda murefu. Usimulaumu sana.

Mvua ya kwanza imenyesha jana, nyepesi.

Kaumba


Kamina, 20 Oktoba 2024

Baba Lise,

Marc amerudi. Nilimuuliza, "Baba Lise yuko namna gani?" Akasema, "Yuko bien, yuko bien," huku akiangalia mbuzi za jirani. Nimempa Bijou sapato zako akuletee, pamoja na chumvi, sabuni na dawa za homa.

Patron hatatafuta dizeli. Sitaki uwe na wasiwasi juu ya patron. Alipita hapa nyumbani na wageni wawili, wakakaa kidogo, wakaondoka. Lise nimempeleka kwa dada yangu Kapinga kwa muda, anafurahi kucheza na wenzake.

Dizeli tumeitafuta wenyewe. Unakumbuka ile kamio ndogo ya paruasi, inayolala nyuma ya hekalu tangu pasta wa zamani aende zake? Pasta amekubali tuichukue, maana vitanda ni vya maternité yake. Papa Éliézer aliifungua moteri, akasema, "Huyu hajafa, amelala njaa tu." Wazee wenzake wa depo wanakuja kila siku baada ya sala ya asubuhi, kila mtu na funguo zake za buloni. Nilisoma barua yako ya maagizo kwa sauti, neno kwa neno, wakasikiliza kama wako kanisani.

Ndoano wameifunga kwenye chasi na bamba na buloni, kama ulivyosema. Resori zimeongezwa. Radiateri imetoka kwenye gari kubwa la mtu wa Luena. Magurudumu wameweka madogo. Gia za ekseli ya nyuma wamezibadilisha, sasa mbio haina kabisa, mtoto kwenye baiskeli anaipita, lakini papa Éliézer anasema hiyo ndiyo tunayotaka. Barre wametengeneza kwa bomba nene la depo. Tena amefikiria kitu ambacho hata wewe hukukiandika: mpira wa hewa kutoka gari la mbele mpaka kwenye frein za kamio yako, ili gari la mbele likivuta, hewa ipite na wewe uwe na frein zako miguuni. Bado anatafuta viungo vyake.

Vumilia kidogo. Mara hii tunafanya vizuri.

Léonie


Nsokwe, tarehe 2 Novemba 2024

Mke wangu mpendwa Léonie,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Ninakujulisha ya kwamba mimi ni mzima wa afya, na ya kwamba viatu ulivyonitumia vimepokelewa kwa shukrani nyingi. Shehena yote imefunikwa vema, wala haikupatwa na dhara lolote la mvua. Élisha anakusalimu pia.

Naomba usiharakishe gari kuja. Afadhali lichelewe likiwa imara kuliko kuwahi likiwa dhaifu.

Umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mume wako mwaminifu,
Kaumba


Kamina, 11 Novemba 2024

Baba Lise,

Nani ameandika ile barua?

Hujawahi kuniita mke mpendwa, hata siku ya arusi. Hujui neno shehena. Nimeisoma mara nyingi, sikukuona ndani, nimeona mtu mwingine amevaa jina lako. Kama ni evanjelisti Stanislas, namshukuru kwa mkono wake, lakini nauliza wako uko wapi. Mtu aliyeharibikiwa kiatu anashika kalamu kwa mguu?

Na tangu lini unasema tusiharakishe? Barua zako zote zilikuwa mvua, mvua, mvua.

Gari liko tayari. Kamina haina mlima wa kulijaribia, unajua, kwa hiyo wazee wamelifungia lori bovu lililojaa kokoto na kulipandisha kwenye kile kilima cha kupakilia mizigo, pale depo. Lilipanda taratibu, bila kelele, bila moshi, na kokoto zake zote. Papa Éliézer aliweka mkono juu ya radiateri na kuuacha hapo. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa na barua yako mfukoni, sikuweza kupiga.

Tunangoja viungo vya mpira wa hewa na dizeli ya safari nzima, tutaibeba kwenye mapipa. Niandikie wewe mwenyewe, hata neno moja lililopinda.

Léonie


Kijiji cha Nsokwe juu, tarehe 19 Novemba 2024

Kwa Mama Mwalimu Léonie,

Mimi ndimi Stanislas, mwinjilisti. Barua yako kwa mume wako nilimsomea, kwa kuwa yeye ana homa na macho yake hayatulii. Akasema nisijibu. Ninajibu bila ruhusa yake, nawe utanihukumu.

Siku ile ndoano ilipong'oka, lori lilirudi nyuma likakanyaga mguu wake wa kuume, kabla jiwe halijashika. Marc aliona. Mume wako alimwapisha asikuambie. Alisema, "Léonie akijua ataacha darasa, atakuja na njia hii." Mguu tuliuosha kwa maji ya chumvi. Ulianza kupona, kisha ukageuka. Muuguzi wetu amempa dawa alizonazo, nazo ni chache. Anasema mguu huu unataka hospitali.

Neno la pili ni gumu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba walikuja watu wenye silaha kutoka upande wa bonde. Élisha aliwaona kwanza, akakimbia, na hatujamsikia tena. Mume wako hakuweza kukimbia. Waliwakusanya watu wa kijiji wabebe mizigo: saruji, vitanda, mabati. Nami nilibeba, Mama. Nilibeba mabati ya maternité yetu kichwani, nikapita mbele ya mume wako akiwa ameketi ndani ya cabine, akaniangalia, nami nikatazama chini. Mmoja wao alimwomba ufunguo wa lori. Aliutoa. Walijaribu, wakacheka, wakamrudishia.

Kwa hiyo lori analolilinda ni tupu. Nimemwambia mara nyingi, "Kaumba, panda kijijini, ulale ndani ya nyumba." Vijana walishuka na machela mara mbili. Alishika usukani kwa mikono yote miwili. Akasema, "Minyi nikitoka hapa, nani atajua sikuuzisha bintu bya bantu? Kamio ikiwa hapa, patron atakuja, ataona mahali ilivunjika, ataona bampa ya Marc, ataelewa."

Barua ile ya tarehe mbili aliisema, mimi niliandika. Maneno marefu ni yangu, uongo ni wetu sote wawili. Sijui la kufanya. Mvua sasa ni ya kila siku, na pale lori lilipo ardhi imeanza kupasuka kando ya njia.

Stanislas


Nsokwe juu, 1 Desemba

Mama Lise,

Hii ni mukono yangu. Uone vile maneno inapinda, utaamini.

Juzi homa ilipanda, sikujua kintu. Bakanibeba usiku mu mvua, niliamuka niko mu nyumba ya Stanislas. Nilimukasirikia. Nilisema banirudishe. Akangoja nimalize, kiisha akaniambia njia imekatika pale pale kamio ilisimama, na kamio imeshuka mu shimo pamoja na udongo. Minyi sikuiona. Sikusikia hata sauti.

Sasa sina kintu cha kumuonyesha patron. Mizigo hakuna, kamio hakuna, Élisha hakuna. Stanislas anasema amekuandikia yote. Basi unajua. Nilitaka nikuambie na mudomo yangu.

Usikuje. Njia hakuna. Hata gari ya papa Éliézer ikifika, haina kintu cha kuvuta. Vidole vya mguu sivisikii tena. Chakula bananilisha vizuri.

Kaumba


Malemba-Nkulu, kando ya mto, 10 Desemba 2024

Baba Lise,

Barua yako ya mkono wako imenikuta hapa. Mwenye mtumbwi ameileta leo asubuhi, na huyuhuyu ndiye atakayeivusha hii upande wa pili, kisha mtu wa kwenda mlimani ataichukua. Labda nitaipita njiani.

Barua ya Stanislas ilipofika Kamina, papa Éliézer alifungua barre ile, akaishusha chini. Tukaweka godoro mahali pake. Tulisema hatuendi tena kuvuta kamio, tunaenda kuchukua mtu.

Gari lilikuwa zuri, Baba Lise. Nataka ujue hilo, maana ni maneno yako yaliyolitengeneza. Kwenye vilima vya kabla ya Luena tulikuta lori la chumvi limezama, madereva watatu wamekaa chini wamekata tamaa. Tulilivuta na mzigo wake mpaka kwenye sehemu kavu. Maji hayakuchemka. Papa Éliézer hakujisifu, alitabasamu peke yake kilomita nyingi. Nikafikiri, basi, tutafika.

Tulipofika hapa kivuko hakipo. Mto umejaa, waya umekatika, na kivuko chenyewe kimechukuliwa na maji mpaka kwenye mafunjo kule chini. Wanaume wa hapa wanasema hakitatengenezwa kabla maji hayajashuka. Tumengoja. Kila asubuhi papa Éliézer anawasha moteri, anaisikiliza, anazima. Kila jioni anashuka mpaka ukingoni, anaangalia maji, anarudi. Jana aliniambia, "Mwanangu, nimetengeneza kila kitu. Mto sikuufikiria." Alikuwa analia, na mimi sikujua mtu wa umri ule anafarijiwaje.

Sasa nikuambie nililokuficha. Nimelificha tangu Oktoba, ili usikae pale mlimani na jambo hili kichwani. Patron anasema uliuza mizigo. Alisema hivyo hata kabla watu wale hawajakuja, siku Marc aliporudi na pickup bila bampa. Wageni wawili niliokuandikia walikuwa polisi. Walinichukua, nikalala kwao usiku mmoja, wakaniuliza umeficha wapi mabati. Ndiyo maana Lise yuko kwa Kapinga. Marc anajua ukweli na hasemi, anaogopa kaka yake. Nilitaka tukukute ukiwa na kamio yako na mizigo yako, ndipo patron aone haya. Ndiyo maana nilisukuma wazee kama mwendawazimu. Nilikuwa natengeneza gari la kukutoa kwenye uongo wa mtu, na wewe ulikuwa unalinda cabine tupu kwa sababu ileile, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake.

Sina dawa ya hilo. Nimelifikiria kila upande. Patron hatatuamini, kamio haipo ya kuonyesha, Stanislas ni mtu wa mbali na sijui kama watamsikiliza. Tukirudi Kamina huenda watakungoja. Nakuambia sasa ili lisikupige mbele ya watu. Lakini Kamina ni mambo ya baadaye, na mguu ni wa leo.

Papa Éliézer anarudi na gari kabla mvua haijafunga njia ya kurudi; matope yamekula dizeli yetu, iliyobaki inamtosha kurudi tu. Alitaka kunizuia, kisha akanipa koti lake la mvua na kisu. Kesho navuka na mtumbwi. Nina dawa za muuguzi wa hapa Malemba, amenionyesha namna ya kuzichoma kwa sindano. Nimempata mama mmoja anayepanda upande wa Nsokwe, tutakwenda naye kwa miguu, kwa njia ya watu, siyo ya magari. Watu wa mtumbwi wameniahidi, tukikuteremsha kwa machela, watatuvusha wewe na mimi mpaka huku, na kutoka hapa nitatafuta hospitali hata kwa kubebwa na baiskeli.

Sijui kama nitafika kabla mguu haujaamua wenyewe. Siandiki hivi kukutisha. Naandika kwa sababu tumefichana vya kutosha.

Usijaribu kuteremka kunilaki. Usishike usukani wa kitu chochote. Kaa pale walipokulaza. Mara hii njo minyi nakuja.

Léonie